Mazulia ya Kale Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa tumekusanya maswali tunayoulizwa na wenye mazulia ya kurithi, kamati za misikiti, na vijana wanaotaka kuijua kazi hii ya kutengeneza mazulia. Mengi hutujia kwa simu pamoja na picha iliyopigwa usiku, zulia likiwa limekunjwa. Ukitaka jibu la maana, piga picha mchana, mbele na nyuma. Nyuma ya zulia ndiko kunakosema kweli.

Nitajuaje kama zulia langu limefumwa kwa mkono?

Ligeuze. Zulia la mkono lina ua lilelile nyuma kama lilivyo mbele, na ukikaza macho utayaona mafundo yenyewe, moja moja, hayalingani sana. Kisha tazama matamvua. Kwenye zulia la mkono matamvua si pambo lililoshonewa baadaye. Ni ncha za mtande, zile nyuzi za urefu ambazo mafundo yote yamefungwa juu yake. Ukiona matamvua yameungwa kwa cherahani, hilo ni la kiwandani, au ni la mkono ambalo ncha zake zilikwisha mtu akalipachika mengine.

Kujua kama ni sufu, chomoa kijiuzi upande wa nyuma, toka nje, kichome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kidoleni. Pamba hunuka karatasi. Plastiki huyeyuka ikaganda kitone kigumu. Mazulia mengi yanayotandikwa misikitini miaka hii ni ya plastiki, na tunayoyasema hapa hayayahusu. Hayo yafueni tu.

Mazulia ya Kiajemi yalifikaje huku kwetu?

Kwa majahazi ya kaskazi. Kuanzia Disemba upepo ule ulileta vyombo kutoka Ghuba, Oman na Bara Hindi, vikiwa na tende, papa wa chumvi, makasha na mazulia. Kusi ilipovuma vikarudi na boriti na karafuu. Mazulia mengine yalikuwa biashara ndogo ya mabaharia wenyewe, si ya tajiri wa chombo. Ndiyo maana tunayoletewa zaidi ni madogo: ya Kibaluchi, ya Shiraz, mazulia yaliyofumwa na watu wa mahema kwa sufu tupu, mtande na manyoya (zile ncha za mafundo zinazosimama upande wa mbele). Makubwa yenye mtande wa pamba yalikuwa ya majumba. Na majumba yenyewe yalikuwa na udugu na Uajemi: hamamu ya Kidichi, ya mwaka 1850, Seyyid Said aliijenga kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi.

Wanasema mafundo yakiwa mengi ndiyo zulia bora. Kweli?

Ni kweli kwa muuzaji. Zulia maarufu la Ardabil, lililopo jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina mafundo kama 5,300 katika kila eneo la sentimita 10 kwa 10. Lile la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Muscat, ambalo wengi wenye jamaa zao Oman wamelikanyaga, lina mafundo bilioni 1.7 na lilifumwa kwa miaka minne. Lakini zulia kongwe kuliko yote yaliyopatikana zima, la Pazyryk, lililofukuliwa kwenye barafu ya milima ya Altai mwaka 1949, lina kama mafundo 3,600 kwa eneo lilelile, na lina umri wa zaidi ya miaka 2,300. Zulia la Kibaluchi lenye mafundo machache na sufu nzuri litaishi kuliko zulia la mafundo mengi na pamba mbovu. Sisi tukipokea zulia hatuhesabu mafundo ili kulipa bei. Tunahesabu ili kujua uzi wa kutumia.

Fundi, zulia la marehemu bibi limetoboka katikati na huku ncha zinaachia. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kuzuia lisiendelee kupungua. Shimo la katikati linaweza kukaa miaka bila kukua, hasa likiwa mahali pasipokanyagwa. Ncha iliyoachia ni habari nyingine: kila apitaye, kila ufagio, safu moja ya mafundo inaondoka. Kwa hiyo utaratibu wetu ni ncha mbili za mtande kwanza, kingo za ubavuni pili, michaniko tatu, mashimo mwisho. Wenyewe karibu wote hutaka kinyume, kwa sababu shimo ndilo wanaloliona wageni.

Kabla ya sindano yoyote: pima urefu na upana, piga picha kila dosari, andika. Halafu ujaribu mgongo, yaani nyuzi za ndani zinazobeba mafundo. Chukua pembe moja, ipinde kidogo sana, na utege sikio. Ukisikia mlio wa kukatika, pamba ya ndani imeshaoza kwa unyevu wa miaka. Zulia la namna hiyo halikunjwi, halitiwi maji, halinyanyuliwi kwa ncha. Na lisipigwe! Ile desturi ya kutundika zulia kwenye kamba na kulitandika kwa fimbo ilikuwa na maana lilipokuwa changa. La miaka mia linavunjika ndani kwa ndani, na hutaona kitu mpaka siku litakapochanika mkononi.

Matamvua yamekatika, mengine marefu mengine mafupi. Niyakate yawe sawa?

La. Ukikata matamvua umekata mtande, na mtande ndio uliobeba kila kitu.

Njia ya asili ni kuifunga ncha. Zulia hulazwa juu ya meza. Uzi wa pamba wenye nguvu hupitishwa kwenye nta ya nyuki ili usikwaruze. Sindano huingia chini ya nyuzi mbili tatu za mshindio (zile za upana) ambazo bado ni nzima, huzunguka jozi moja ya mtande, hutoka kupitia kitanzi chake yenyewe, uzi hukazwa, kisha jozi inayofuata. Unakwenda hivyo upana mzima wa zulia. Ukimaliza, nyuma kuna mstari mwembamba wa vifundo na mbele hakuna kinachoonekana. Mshindio hautelezi tena. Matamvua yanabaki yalivyo.

Mafundi wengi, wakikuta safu za mwisho zimebaki nusu nusu, huzichomoa ili mstari unyooke. Sisi hatuchomoi. Ncha iliyopinda ni bora kuliko safu nne za mafundo ya kweli ndani ya pipa la taka.

Na kingo za ubavuni?

Hizo huzungushiwa sufu ya rangi ile ile, juu ya nyuzi nene za ukingo, bila kukaza sana. Ukikaza, zulia linakunjamana na halitalala sawa tena. Palipo pazima usipafunike kwa uzi mpya ili eti pafanane.

Shimo lenyewe linazibwaje kwa njia ya mafundi wa zamani?

Uajemi fundi wa kazi hii huitwa rofugar, na kazi yake huanzia mbali na shimo, sio kwenye shimo. Kwanza hulikaza zulia juu ya fremu ya mbao kwa misumari myembamba inayopenya katikati ya nyuzi, isiyotoboa uzi wenyewe. Zulia likilegea wakati wa kufuma, kiraka kitavimba kama andazi siku litakapotandikwa.

Kisha mtande. Uzi mpya uwe wa pamba kama wa zamani ni pamba, wa sufu kama ni sufu, unene ule ule na msokoto ule ule. Sindano huingia kwenye sehemu nzima, sentimita mbili au tatu kabla ya ukingo wa shimo, ikifuata njia ya uzi wa zamani. Hutokea kwenye shimo, huvuka, huingia upande wa pili kwa masafa hayo hayo. Siri yake ni kutolingana: uzi mmoja uingie sentimita mbili, unaofuata tatu, unaofuata mbili na nusu. Zikiishia zote kwenye mstari mmoja, umelitengenezea zulia mahali pa kuchanikia.

Mshindio nao huingizwa vivyo hivyo, juu, chini, juu, chini, ukivuka mpaka ndani ya sehemu nzima kushoto na kulia. Mpaka hapo una wavu mtupu uliokaza. Sasa mafundo.

Kuna mafundo ya namna mbili kubwa. La Kituruki huzunguka nyuzi zote mbili za mtande, na ncha zake mbili hutokea pamoja katikati. La Kiajemi huzunguka uzi mmoja kabisa na kupita tu nyuma ya wa pili, kwa hiyo ncha moja hutokea katikati na nyingine pembeni. Usibahatishe kwa kutazama lilikotoka zulia: Tabriz iko Uajemi na wafumaji wake hutumia fundo la Kituruki. Fungua manyoya kwa vidole, tazama, fuata lilivyo. Ukichanganya, kiraka kitalalia upande wake na mwanga utakisema.

Kila safu ya mafundo ikimalizika, mshindio mmoja au miwili hupitishwa na kushindiliwa kwa kitana. Manyoya huachwa marefu. Kukata ni kazi ya mwisho, kwa mkasi uliopinda, kidogo kidogo, kwa kufuata mlalo wa manyoya. Pitisha kiganja juu ya zulia: upande mmoja linateleza, upande wa pili linakataa. Kata ukielekea linakoteleza.

Piga hesabu. Zulia la wastani lenye mafundo 40 kwa 40 ndani ya sentimita 10, shimo la ukubwa wa kiganja ni mafundo 1,600, na kila moja linafungwa kwa sindano na mtu aliyeinama. Wanaouliza kwa nini kiraka kina bei kuliko zulia jipya la dukani, jibu lao ndilo hilo.

Kwa hiyo kila shimo lifumwe upya?

Hapana, na hapa ndipo tunapobishana sana na wenye mazulia. Kufuma upya huondoa kitu cha kale ili kuweka kipya: ukingo unasafishwa, mafundo yaliyolegea yanatolewa, nyuzi ngeni zinaingizwa ndani ya mwili mzima. Zulia likitumika sakafuni kila siku, sawa, kwani bila hivyo litaendelea kuraruka. Zulia lenye umri na historia, ambalo mmekubaliana kuwa halitakanyagwa tena, linahitaji kushikiliwa tu.

Kushikiliwa maana yake ni hivi. Chukua marekani, ifue kwa maji moto itoke wanga na irudi yote, ipige pasi, iweke chini ya sehemu mbovu ikivuka shimo pande zote. Iunganishe kwa mistari mirefu ya bandi iliyolegea kidogo. Kwenye nyuzi zilizobaki zinaning'inia, laza uzi mrefu juu yake kisha ubane kwa mishono midogo inayouvuka, sentimita moja hivi kwa sentimita moja. Marekani ikitiwa rangi inayokaribia ya zulia, jicho linapita bila kusimama. Siku yoyote fundi mwingine anaweza kukata mishono hiyo na kulikuta zulia kama tulivyolikuta.

Waliotaka ukamilifu wamelipa. Mazulia ya Ardabil yalikuwa mawili, pacha, ya mwaka 946 Hijria, yaani 1539 hadi 1540. Yalipotoka Uajemi mwishoni mwa karne ya 19 yote yalikuwa yamechakaa. Moja likakatwa ili kulitengeneza jingine. Lililokamilishwa lilinunuliwa na makumbusho ya London mwaka 1893 kwa pauni 2,000 na leo lina urefu wa zaidi ya mita 10. La pili, lisilo na mapambo yake ya kingo, liko Los Angeles. Lile la London linapendeza mno, hakuna anayekataa. Lakini ulimwengu ulikuwa na mawili.

Sisi, pale tunapofuma upya, nyuma huacha mshono wa uzi wa rangi nyingine kuzunguka kazi mpya. Mbele hauonekani. Mwenye zulia wa kesho ana haki ya kujua.

Gundi ya viatu je? Jirani yangu alibandika kitambaa nyuma na kimeshika vizuri.

Kimeshika leo. Gundi za mpira hugeuka kuwa nata, kisha ngumu, kisha unga, na zikigeuka huondoka na sufu. Kuitoa gundi iliyokwisha ingia ndani ya mafundo ni kazi ngumu kuliko shimo lenyewe. Na utepe wa kunata vivyo hivyo.

Nyuzi za kutengenezea napata wapi?

Si rahisi. Kondoo wetu hawana sufu ya kusokota, na zile nyuzi za kufumia sweta za madukani nyingi ni plastiki: zinang'aa vibaya na hazichakai kwa mwendo wa sufu. Njia ya mafundi wa zamani ndiyo bado bora, nayo ni kufumua zulia kuukuu lisilofaa tena na kuhifadhi nyuzi zake. Usitupe zulia la sufu lililokufa. Lenye nondo ligandishe kwanza (tazama chini), kisha lipeleke kwa fundi. Wengine huagiza sufu kwa jamaa walioko Oman.

Rangi ndiyo mtihani. Kabla ya rangi za kiwandani, ambazo zilianza kugunduliwa mwaka 1856, wekundu wa Uajemi ulitoka kwenye mizizi ya runasi, buluu kwenye nili, manjano kwenye majani na maganda ya komamanga, kahawia kwenye maganda ya jozi, na shabu ndiyo iliyoishikisha rangi kwenye uzi. Rangi hizo hazikuwa sare. Mfumaji akimaliza sufu ya chungu kimoja, ya chungu cha pili ilitofautiana kidogo, na hiyo michirizi unayoiona kwenye uwanja wa zulia ni ya asili. Msimwombe fundi aifute. Tena, pale nyeusi au kahawia iliyoiva ilipopatikana kwa madini ya chuma, chuma huila sufu taratibu, kwa hiyo michoro myeusi huzama chini wakati nyekundu ya jirani bado imesimama. Watu hudhani ni nondo.

Linganisha uzi mchana, karibu na dirisha, ukiuweka kwenye ncha za manyoya, sio kwenye shina. Ncha za juu zimepauka. Rangi ya shina ndiyo ya awali, ya ncha ndiyo ya leo, na kiraka kinatakiwa kifuate ya leo.

Palipochakaa pakapakwa rangi au kalamu ya wino, kuna ubaya?

Upo. Rangi huingia kwenye mtande, haitoki, na maji yakimwagika hutambaa. Wauzaji hufanya hivyo ili lipite sokoni. Sugua kitambaa cheupe kilichorowa kabla hujanunua.

Nondo! Tumeweka karafuu na bado wanakula.

Yule kipepeo mdogo wa rangi ya dhahabu unayemwona akiruka hali kitu. Mlaji ni kiwavi wake, na anakula sufu kwa sababu ni jamii moja na nywele na kucha. Pamba huiacha. Basi unakuta zulia limenyolewa manyoya na mgongo umesimama mzima. Jike hutaga mayai kama 40 au 50, na hutafuta giza, utulivu na uchafu: chini ya kabati, chini ya kitanda cha samadari, ndani ya kasha lisilofunguliwa tangu harusi.

Karafuu kila mtu Pemba anazo na kila mtu ameambiwa aziweke. Harufu yake huenda ikamfanya nondo wa nje asite. Kiwavi aliyekwisha ingia hajali. Halafu karafuu zina mafuta, na mafuta hayo huacha doa la kahawia kwenye sufu nyeupe, kwa hiyo zitie kwenye mfuko wa kitambaa zisiguse zulia. Majani ya mwarobaini ni vivyo hivyo. Kufukiza udi kunaliachia zulia masizi na kunawaachia nondo harufu nzuri.

Kinachoua ni baridi. Viringisha zulia, lifunge kwa nailoni bila kuacha hewa, ziba kwa utepe, liweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ukilitoa usilifungue mpaka kesho yake; jasho lifanyike juu ya nailoni, sio juu ya sufu. Umeme ukikatika zulia likapata joto, hesabu inaanza upya, na waliokuwepo Unguja mwishoni mwa 2009, tulipokaa gizani kama miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa zaidi. Friza la wauza samaki linafaa, ila funga mara mbili. Harufu ya changu haina dawa.

Lisiloingia kwenye friza, lianike kifudifudi asubuhi kwa muda wa saa moja hivi, na ulipitishe mashine ya kuvuta vumbi pande zote mbili, mdomo wa mashine ukiwa umefunikwa kipande cha chandarua ili usivute nyuzi. Rudia kila wiki. Nyumba bila mashine? Ufagio laini, kwa mlalo wa manyoya. Fagio la chelewa libaki uani.

Naweza kulifua nyumbani?

La kale, tungesema usilifue. Kama lazima, lowesha kitambaa cheupe, kibane juu ya kila rangi kwa dakika kumi, moja baada ya moja. Kikitoka na wekundu, basi, umemaliza, halifuliwi.

Sabuni ya mche na ya unga zina magadi, na sufu na hariri haziyawezi magadi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ni mbaya zaidi: huiyeyusha sufu yenyewe. Maji ya bahari hayafai, kwa sababu chumvi inayobaki huvuta unyevu kila siku ya Mungu. Maji ya visima vyetu mengi ni magumu kwa chokaa ya matumbawe, kwa hivyo suuza la mwisho liwe la maji ya mvua. Waajemi wa Rey, karibu na Tehran, waliosha mazulia kwenye chemchemi ya Cheshmeh-Ali na kuyaanika juu ya miamba, na watu huitaja desturi hiyo kama ruhusa. Chemchemi ile ni maji yanayotiririka, na hewa ya kule ni kavu. Zulia lililoanikwa Darajani mwezi wa Aprili linaweza kukaa siku tatu halijakauka, na kuvu haingoji siku tatu.

Hina imemwagika.

Pole. Hina hushika sufu kama inavyoshika nywele, maana ni kitu kimoja. Piko vivyo hivyo. Ikiwa mbichi, iondoe kwa kijiko kuelekea katikati ya doa, usisugue, kisha dondoshea maji baridi na ukaushe kwa kitambaa, tena na tena. Ikishakauka, iacheni. Tumeona mazulia mengi zaidi yaliyoharibiwa na dawa za kutolea hina kuliko yaliyoharibiwa na hina yenyewe. Shughuli ikiwa nyumbani, tandikeni mkeka, zulia liviringishwe.

Kaa la chetezo limeunguza.

Sufu haishiki moto kwa urahisi, hivyo mara nyingi zimeungua ncha tu. Kwangua kwa kucha palipo peusi, mgongo ukiwa mzima hapahitaji kitu.

Masika tunafanyaje? Nyumba yetu ni ya mawe, Mji Mkongwe.

Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70, kuvu huanza kuamka, na kwetu unapita karibu mwaka mzima. Huwezi kuikausha Unguja. Unachoweza ni kuiendesha hewa. Fungueni madirisha pande mbili jua linapotoka, feni ipite juu ya sakafu, kabati lisibane zulia ukutani. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole, kwa hiyo zulia likae mbali na ukuta kwa kiasi cha shubiri. Chini usitandike nailoni, itafungia jasho. Jamvi la zamani linapitisha hewa, na likiota koga utalitupa bila kulia.

Paa likivuja zulia likaroa, msilinyanyue kwa pembe. Maji yana uzito na nyuzi zilizoroa hazina nguvu. Pitisheni shuka chini yake, watu wanne, libebwe likiwa limelala. Taulo juu na chini, kanda kwa viganja bila kukamua, feni, geuza. Mna siku mbili, si zaidi.

Tulihifadhije kama hatulitumii?

Viringisha, usikunje. Mkunjo ni mahali zulia litakapokatika. Manyoya yaelekee nje, kwa mlalo wake, juu ya bomba refu kuliko upana wa zulia. Bomba la plastiki au la karatasi ngumu huweza kutoa asidi, hivyo livikwe karatasi ya alumini, kisha kitambaa. Weka bafta iliyofuliwa kati ya mizunguko, funga kwa vitambaa vipana, sio kamba ya usumba. Lifungue mara kwa mara ulitazame.

Ukitaka kulitundika, shona nyuma kifuko cha kitambaa kizito upana mzima na upitishe ufito. Msumari hata mmoja, hapana. Jua la dirishani nalo lisilifikie.

Zulia ni la msikiti. Kamati inaweza kulibadilisha na jipya?

Kama ni wakfu si mali ya kamati. Ulizeni kwanza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na kabla hamjalipeleka popote nje ya nchi, zungumzeni na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.

Nani anaweza kujifunza kazi hii?

Anayeshona kofia za viua tayari ana nusu yake. Macho yake yamezoea kuhesabu nyuzi, subana iko kidoleni, na subira anayo. Wasusi wa ukili pia hushika upesi, maana wanajua kukaza bila kuvuta. Wagumu ni mafundi cherahani. Mkono wao una haraka. Mwanagenzi kwetu huanza na kufunga ncha za mazulia yasiyo na thamani, kwa muda mrefu kuliko anavyopenda, na mafundo huyagusa baadaye sana.

Likitengenezwa, bei yake itapanda?

Ncha zilizofungwa na kingo zilizoshikwa, ndiyo, karibu kila mara. Kufuma upya, inategemea na mnunuzi. Kulipunguza zulia ili liwe nadhifu, kwa kukata upande uliochakaa, hushusha bei na hatufanyi kazi hiyo hata kwa malipo.

Nikija, nilete nini?

Zulia lililoviringishwa, na kila kilichodondoka kutoka kwake, kwenye mfuko: vifundo, ncha za matamvua, kipande kilichobaki chini ya mguu wa kabati. Uzi mmoja wa asili hutuonyesha unene, msokoto na rangi ya shina, na huokoa siku nzima ya kukisia. Kama kuna picha ya zamani ya sebule zulia likiwa limetandikwa, hata nyeusi na nyeupe, ije pia.